Bega la Kulia

Blakemoor, 9 Novemba 2025

Koko wangu,

Naandika nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba, kwa hiyo usishangae mwandiko ukitetemeka. Nyumba hii ya wafanyakazi ina jiko moja la kuni, na bado sijajua kuliwasha bila kujaza moshi. Mtandao wa simu haufiki huku bondeni. Mama analalamika, lakini wewe najua unafurahi. Tangu masikio yako yashindwe na simu, ulikuwa unatafuta sababu ya kutulazimisha wajukuu zako tuandike.

Ajabu ni kwamba siko mbali. Kutoka nyumbani Erdington ni treni moja na basi moja, kisha nusu saa kwa miguu, na asubuhi zenye ukungu bado nasikia barabara kuu ikivuma. Lakini ukishaingia chini ya miti, Birmingham inaisha. Hifadhi hii ina kulungu mia mbili na kumi na wawili. Nimewahesabu mara tatu pamoja na mkuu wangu, Bwana Balwinder Singh. Alizaliwa Nakuru akaja huku akiwa kijana, na siku aliposikia nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiingereza alikiweka pembeni. Kiswahili chake kingekufanya ushike mbavu. Kwenye usaili aliniuliza swali moja tu: "Wewe naweza kaa kimya masaa mbili?" Nikasema naweza. Sikumwambia kwamba nilifundishwa na wewe, nyuma ya kibanda chetu, tukiwangoja kanga ambao hatukuruhusiwa kuwagusa. Bwana Balwinder amewinda miaka thelathini na hali nyama kabisa. Mkewe, Rupinder, humfungia chapati na dengu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Machi. Nikipata cheti cha pili kabla ya hapo nitabaki, kwa sababu Bwana Balwinder anakaribia kustaafu na wanataka mtu. Nisipokipata, narudi nyumbani na vitabu vyangu. Habari za cheti nitakueleza siku nyingine. Kwa sasa nahesabu, napima, naandika.

Nina swali, si langu. Kuna rafiki yangu kazini, naye yuko kwenye mafunzo kama mimi. Sheria ya hapa inaruhusu kupiga risasi kulungu majike kuanzia mosi Novemba hadi mwisho wa Machi, na huyo rafiki lazima apige. Nikakumbuka ulivyotuambia, kwamba mwindaji wa kwetu hagusi jike. Anataka kujua ni kwa nini. Na akigusa, inakuwaje?

Nakusalimu kwa mikono miwili,
Sabine


Erdington, 16 Novemba 2025

Mama Sabine, mjukuu wangu,

Barua yako imefika Alhamisi. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa habari na mara ya pili kwa makosa. Makosa ni mawili tu. Mwalimu aliye ndani yangu amekosa kazi.

Sisi wazima. Mama yako anachoka lakini anaimba akipika, kwa hiyo simwulizi. Kaka yako Mardochée amenunua gari jingine bovu, linakohoa mtaa mzima mpaka majirani wanajua amerudi. Mimi niko kwenye kishamba changu cha kukodi nyuma ya reli, na huko nina mwizi. Kabichi zangu zimeliwa mioyo, majani ya nje yameachwa kama sahani. Nilidhani ni watoto. Juzi nimemwona mwenyewe: kulungu mdogo, urefu wa mbwa, mgongo umepinda kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alinitazama, akaendelea kula. Treni ikapita, akaendelea kula. Sijawahi kudharauliwa hivyo na mnyama. Nimepata kipande kizuri cha waya kutoka kwenye uzio wa zamani, na vidole vyangu bado vinakumbuka kitanzi.

Sasa huyo rafiki yako. Mwambie hivi. Baba yangu alinifundisha mambo mawili. La kwanza, jike haguswi, kwa sababu unaua na wale usiowaona. La pili, mnyama wako wa kwanza wewe mwenyewe humli. Unakata bega la kulia, unampelekea aliyekufundisha. Hulipeleki kwa mkono wako, unamtuma mtu, na husemi neno. Akilila, umekuwa mwindaji. Asipolila, unarudisha mkuki wako ukutani na hakuna atakayekuuliza. Bega langu baba alilila lote huku akilalamika kwamba ni gumu. Sijawahi kufurahi hivyo tena mpaka nilipooa.

Huyo rafiki anaitwa nani? Ana wazazi? Mbona hukuandika jina lake?

Babu yako anayekungoja,
Sylvestre Ciza


Blakemoor, 23 Novemba 2025

Koko,

Tafadhali usitege. Nakuomba kabla hata ya kukusalimu. Nchi hii imeandika kila kitu kuhusu namna ya kumuua mnyama. Kulungu hategwi kwa waya, hapewi sumu, hapigwi mshale. Anapigwa kwa bunduki ya kipimo kinachokubalika, na mtu mwenye kibali, kwenye ardhi ambayo mwenyewe ameruhusu, kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya kuzama. Madume wana majira yao na majike wana yao. Ni huyo wako mdogo tu, anayeitwa muntjac, ambaye hana majira, maana anazaa mwaka mzima. Na yeye ni mgeni. Wazee wake waliletwa kutoka China kupamba bustani za matajiri, wakatoroka. Weka wavu, Koko. Polisi wakikukuta na waya watakuuliza wewe, kisha watakuja kuniuliza mimi mwenye kibali cha bunduki.

Rafiki yangu nimemsomea barua yako. Aliposikia habari ya bega aliniomba niirudie.

Tatizo lake ni hili. Ardhi ya Blakemoor inaweza kulisha kulungu mia na thelathini hivi. Hapa hakuna chui wala mbwa mwitu. Ukitembea msituni unaona mstari umekatwa kwenye miti yote kwa urefu mmoja, kama umepigwa rula, na chini yake hakuna jani. Mche wa mwaloni haupiti goti. Ndama wa mwaka huu ni wepesi kwenye mizani kuliko wa miaka kumi iliyopita, Bwana Balwinder anayo madaftari yote. Kupunguza madume hakusaidii, kwa sababu dume mmoja anawatosha majike wengi. Tena watu wanaotaka kichwa cha kutundika ukutani humtaka dume bora, na wakishamchukua, kundi linabaki na mbegu dhaifu. "Hiyo watu naharibu kundi na macho yao," anasema Bwana Balwinder. Yeye anachagua kinyume chao: jike mzee asiyezaa tena, mwenye mguu mbovu, ndama aliyechelewa kuzaliwa ambaye Februari itammaliza. Wazuri wanabaki.

Jumanne alfajiri rafiki yangu alikaa juu ya jukwaa la mbao la kuvizia pamoja naye. Akatoka jike mmoja mwembamba, anaburuta mguu wa nyuma. Upepo ulikuwa mzuri, na nyuma yake kulikuwa na ukingo wa udongo wa kuzuia risasi. Rafiki yangu aliweka jicho kwenye darubini ya bunduki, akahesabu pumzi, na hakupiga. Alisema ameona mtu na mbwa kwenye njia ya mbele. Hapakuwa na mtu. Bwana Balwinder aliitazama njia kwa muda, kisha akasema, "Bunduki iko tayari, kulungu iko tayari, upepo iko tayari. Wewe tu haiko."

Wavu, Koko. Mardochée atakununulia.

Sabine


Erdington, 14 Desemba 2025

Mama Sabine,

Samahani kwa mwandiko huu. Niliteleza kwenye ngazi za kanisa, mkono wa kulia umefungwa bandeji, na ninaandika kwa wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Si jambo kubwa. Usimuulize mama yako, atakuza.

Nimeona mkuu wako anamsemesha na rafiki yako kwa Kiswahili. Birmingham imebarikiwa kweli, kila mwanafunzi wa kuwinda anajua Kiswahili.

Na mimi nina swali, si langu. Kuna mtu mmoja hapa kwenye vishamba, mzee, mtu wa heshima, mkristo. Tuseme alikuwa ameshatega kabla barua ya kumkataza haijafika. Tuseme alikwenda kuutegua mtego, akakuta umeshanasa. Sheria inasema nini juu ya mtu kama huyo? Na mnyama akiachiliwa akiwa na jeraha mguuni, anaweza kuishi?

Jibu si la haraka, lakini huyo mzee halali vizuri.

Sylvestre


Blakemoor, 4 Januari 2026

Koko,

Krismasi nilikaa mbele yako mezani. Nilikumenyea chungwa kwa ajili ya mkono wako, ukaniambia ngazi za kanisa zilikuwa na barafu. Nikaitikia kwa kichwa. Koko, kanisa letu halina ngazi. Lina mteremko wa viti vya magurudumu, na wewe ndiye uliyekata utepe walipoufungua.

Mwambie yule mzee kwamba sheria ingemkamata, heshima yake ingemsaidia kidogo tu. Lakini kama alimfungua mnyama, akang'oa waya na hatatega tena, mimi sina pa kumshtaki. Kama mfupa haukuvunjika, mnyama ataishi. Ngozi inapona, na manyoya yakiota tena mara nyingi huwa meupe. Atamtambua akimwona.

Sasa mimi. Rafiki ni mimi. Ulijua tangu barua ya kwanza, ukanivumilia.

Lakini si mwiko wako peke yake ulionizuia. Nilipomwona yule jike akiburuta mguu, nilimwona mtu wa usaili kule kambini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekaa kwenye benchi kati yako na Mama. Alikuwa na faili. Akauliza juu ya masikio yako, juu ya kifua cha Mama, akaandika. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba tulichaguliwa kuletwa huku Uingereza kwa ajili ya udhaifu wetu. Majirani zetu, baba mzima na watoto wenye afya, hawakuchaguliwa. Wako kule hadi leo. Yule mtu aliwatafuta dhaifu ili awaokoe. Mimi nawatafuta dhaifu ili niwaue. Nikiwa juu ya jukwaa naona orodha ni ileile, ila sasa nimekaa upande wa faili.

Nimesoma mambo haya miaka mitatu chuo kikuu. Naweza kukuchorea michoro, na yote itaonyesha kwamba Bwana Balwinder yuko sahihi. Bila kupunguzwa, watakufa polepole na msitu utakufa pamoja nao. Kichwa kinakubali, kidole kinakataa. Jioni narudi nyumbani, nawasha jiko, nakaa mbele yake nikijiuliza kama mimi ni mwema au ni mwoga tu.

Ili nipate kile cheti, lazima nipige mara tatu mbele ya shahidi, naye ni Bwana Balwinder, kabla ya Machi kuisha. Kazi hii naipenda, Koko. Sijawahi kupenda mahali kama ninavyopapenda hapa saa ambayo ukungu unaondoka. Nataka kubaki. Lakini sitaki kubaki kwa kitu ambacho wewe huwezi kukitazama.

Sabine


Erdington, 18 Januari 2026

Mama Sabine, mjukuu wangu,

Mkono umepona. Unaona mwandiko umerudi na kiburi chake.

Kanisa halina ngazi. Miaka yote hii naingia humo, na siku ya kudanganya nikalijengea ngazi.

Yule mzee ni mimi. Nilitega siku ileile niliyokuandikia, nikijiambia ni kuwaonyesha vidole tu kwamba bado ni vyangu. Barua yako ilipofika nilikwenda na koleo kuutegua, nikamkuta. Jike, na tumbo limeanza kujaa. Alikuwa amenaswa mguu, hapigi kelele, ananitazama tu. Nilimfunika kichwa kwa koti langu la Jumapili, nikakata waya. Akanipiga teke la mkono, kwato lake kali kama kisu cha jikoni, akapita chini ya uzio na koti langu shingoni. Koti nimelikuta kesho yake karibu na reli. Nililiosha mwenyewe ili mama yako asione damu. Mimi, Sylvestre Ciza, mwenye miaka sabini na saba, nafua koti bafuni kwa siri kama kijana aliyetoka kupigana.

Sasa jambo ambalo mama yako halijui, ingawa alilila.

Mwaka 1996 tulipokimbilia milimani juu ya Uvira, mvua ilitunyeshea siku nane. Mama yako alikuwa na miaka kumi na sita na homa, tunambeba. Siku ya tano hakuweza kumeza majani tena. Siku ya sita nilikutana na kulungu kwenye mawe, karibu kama mlango huu. Jike, mwenye mimba. Nilikuwa na mkuki. Niliwaambia watu nimepata dume, na kichwa kisicho na pembe nilikizika kabla hawajafika. Mama yako alikunywa mchuzi, kesho yake akatembea.

Huwa nawaambia kwamba niliacha kuwinda kwa sababu ya vita. Hapana. Niliacha kwa sababu baba yangu alikuwa ameshakufa, na sikuwa na mtu wa kumpelekea bega ili nijue.

Nimeufikiria mwiko wa baba. Kwetu wanyama walikuwa wachache na midomo ilikuwa mingi. Ulikuwa ni namna ya kuhesabu kwa watu wasio na daftari. Baba alikuwa anauliza, mwakani watakuwepo? Naona huyo Mhindi wako wa Nakuru anauliza hilohilo, ila huko kwenu jibu limegeuka.

Na yule mtu wa usaili, mimi namkumbuka kuliko wewe, maana wewe ulikuwa unatazama faili na mimi nilikuwa natazama uso. Alikuwa na mafua. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa, akawa anajifuta kwa mkono wa shati. Alituuliza jambo moja mara tatu kwa kuogopa kukosea. Hakuwa Mungu, mama. Alikuwa na viti vichache vya ndege na foleni ndefu. Angekataa kuchagua, ndege ingeruka na viti vitupu. Majirani zetu nawaombea kila siku kwa majina, lakini simlaumu yule mtu, nawe usijilaumu kwa kukaa kama alivyokaa. Fanya kama yeye, uliza mara tatu.

Tena mimi si kulungu. Siku utakayoniona natafuna magome ya miti ya Erdington, ndipo unitazame kwa darubini.

Sikupi ruhusa. Ruhusa ya jambo hili haitolewi kwa barua, na unajua inavyotolewa.

Babu yako,
Sylvestre


Erdington, mlangoni kwako, 22 Februari 2026

Bwana Ciza,

Salamu sana. Mimi Balwinder Singh, mkubwa ya Sabine kazini. Yeye amesema mimi lete hii na mimi hapana sema kitu. Mimi nimejaribu tangu Blakemoor mpaka hapa, nimeshindwa, basi naandika.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, risasi moja. Kulungu hapana jua hata imekufa. Jike mzee, meno imekwisha, mguu mbaya ya nyuma, ile ya Novemba. Mbele ya kupiga ameniuliza mara tatu: ni huyu? ni huyu? ni huyu? Mimi nikasema wewe msichana, jua nachomoza, kulungu nazeeka. Halafu amekaa chini na hiyo mnyama kimya dakika kumi, mimi nikakunywa chai. Halafu amefanya kazi yote safi, amekagua ini, mapafu, kila kitu. Mimi nimefundisha watu kumi na nne. Hii ndiyo ya kwanza nimemwambia asante.

Hii ni bega ya kulia. Asubuhi amesimama mlango ya gari nasema kulia, kulia, kama mimi hapana jua mkono yangu. Mimi hapana kula nyama, basi sijui kama iko tamu. Wewe hukuwa nyumbani, nimepatia kijana Mardochée. Hiyo gari yake iko mgonjwa sana.

Wako,
Balwinder Singh


Blakemoor, 15 Machi 2026

Koko,

Najua sipaswi kuuliza. Nimekaa wiki tatu bila kuuliza, na nimejifunza kwamba kukaa kimya masaa mawili ni kazi ndogo.

Nilimtumia Mardochée ujumbe nilipofika mjini. Alijibu maneno matatu: "Bado iko friza." Kwa hiyo limefika, umeliona, na hujalila.

Bunduki iko kabatini. Zimebaki siku kumi na sita na wanyama wawili. Kila asubuhi Bwana Balwinder ananitazama, namwambia upepo si mzuri, naye analowesha kidole na kukiinua juu. Siwezi kumpiga wa pili kabla sijajibiwa kwa wa kwanza.

Nataka ujue ilivyokuwa, hata kama jibu ni hapana. Nilipomkaribia nilimfunua mdomo, meno yake yalikuwa yamelika hadi kwenye ufizi. Alikuwa anatafuna bila kusaga, msimu mzima. Mbavu zake ningeweza kuzihesabu kwa macho. Nilijisikia huzuni, na chini ya huzuni palikuwa patulivu, na utulivu huo ndio uliokuwa unanitisha, kwa sababu sikujua kama nina haki nao. Nilidhani wewe ungeniambia.

Kama huwezi kulila, nitaelewa. Nitarudi Erdington, nitafundisha sayansi, nitapanda kabichi pamoja nawe. Niambie tu.

Sabine


Erdington, 18 Machi 2026

Sabine!

Ni Kwaresima!

Hata sikusalimii. Tangu nibatizwe sijagusa nyama kati ya Jumatano ya Majivu na Pasaka, hata kambini, ingawa kule ilikuwa rahisi kwa sababu nyama yenyewe haikuwepo. Umekaa nyumba moja na mimi miaka yote hiyo, Kwaresima baada ya Kwaresima ukiniona na maharage yangu, ukaenda kupiga mnyama wako siku moja baada ya Majivu! Ungempiga Jumanne ningemla Jumanne hiyohiyo, na mifupa ningeinyonya. Huko chuo kikuu hawana kalenda?

Ningekuandikia, lakini mwiko unasema husemi neno, nami nikaona aliyetumiwa naye asiseme, ajibu kwa kula. Nikajiona mtu wa taratibu sana. Nilisahau kwamba wewe ukinyamaziwa unajihukumu mwenyewe, tena bila shahidi. Nisamehe.

Bega liko kwenye friza, juu ya majani ya sombe, chini ya samaki. Nimelifunga kwa gazeti na kuandika kwa kalamu nyekundu LA KOKO, kwa sababu mama yako alidhani ni mbuzi na alikuwa ameshatafuta vitunguu. Kila asubuhi nafungua friza nalitazama. Umeme unalalamika, mama yako analalamika. Nimefunga Kwaresima sabini na kitu, wala hakuna iliyonitesa kama hii.

Ninachokingoja sijakikataa. Huo utulivu wako uache ukae. Mtu akifanya jambo zito sawasawa, hupata mahali pa kukaa.

Toa bunduki kabatini. Mardochée anaipeleka barua hii posta sasa hivi, nimemwambia aende kwa miguu ili ifike.

Koko


Blakemoor, 31 Machi 2026

Koko,

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi: ndama dhaifu, jike. Jana, saa moja na nusu: jike mzee asiye na mimba. Risasi moja kila mmoja. Niliuliza mara tatu.

Bwana Balwinder ametia sahihi kwa kalamu yake nzuri. Nabaki Blakemoor. Leo majira ya majike yamefungwa, na msitu mzima unaonekana kama umelijua hilo, wamelala juani kama ng'ombe.

Pasaka nina zamu, watu watakuja wengi na mbwa wao. Kuleni bila mimi. Mnyama wangu wa kwanza hata hivyo simli.

Sabine


Erdington, Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili 2026

Mama Sabine, mwindaji,

Nimekula.

Chumvi ilikuwa pungufu, lakini hilo ni la mama yako. Nyama ilikuwa ngumu, nami nililalamika kwa sauti mpaka mezani wote wakaniangalia. Sikuwaambia kwa nini nilikuwa nafurahi kulalamika. Wewe unajua.

Nilipofika kwenye mfupa nilimwambia mama yako habari ya mwaka 1996. Yote, mpaka kichwa nilichokizika. Alinisikiliza akiwa ameshika kijiko. Nilidhani atalia au atanikaripia. Akaniuliza, "Na wewe Baba, ule mchuzi ulikunywa?" Nikamwambia hapana, mchuzi ulikuwa kidogo. Alinyanyuka, akaniongezea kipande kikubwa, akasimama pale mpaka nilipokimaliza. Nimekaa na swali langu miaka karibu thelathini, nami nadhani leo limejibiwa pamoja na lako.

Asubuhi kabla ya misa nilipita shambani. Yuko. Ana pete ya manyoya meupe mguuni kama ulivyosema, na nyuma yake alikuwa na mtoto, mdogo kama sungura, ana madoa. Wamemaliza mstari mzima wa chipukizi za maharage. Nilisimama na mikono mfukoni, nikiwa na koti lilelile, na hakuna aliyemkimbia mwenzake. Kesho Mardochée ataleta wavu.

Waya uko ndani ya bahasha hii. Nimeukunja mara nne. Uweke mahali unapoweka vitu vya kazi ambavyo havitumiki tena.

Na daftari lako liko karibu? Erdington, nyuma ya reli, jike mmoja na mtoto mmoja. Jumla wawili. Waandike.

Koko wako,
Sylvestre